Kidonda Nyuma ya Sikio

"Kwa hiyo umemchoma na chuma chako cha nywele, halafu unanijia hapa kusema ni ugonjwa," nilimwambia.

"Sijamchoma, dada."

"Basi ni dawa ya kulainisha. Umeiacha mpaka ikala ngozi."

"Mtoto huyu sijawahi kumtia dawa hata siku moja. Namsuka tu. Muulize mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi langu, kitambaa kichwani, akiangalia vidole vya miguu yake kana kwamba kavikuta barabarani. Binti yangu, miaka kumi na saba, wa pekee. Aliyesimama kati ya meza na mlango, mkoba haujashuka begani, ni mke wa baba yake. Kazi yake ni ususi. Ana saluni ya viti viwili mbele ya nyumba ambayo niliihama miaka minane iliyopita. Hakuniibia mume, niseme ukweli. Alikuja mwaka mzima baada ya sisi kuachana. Ingekuwa rahisi zaidi kama angeniibia, maana ningekuwa na la kumshitakia.

"Mama, Mama Mdogo anasema..."

"Anachosema nimekisikia. Nina masikio mawili."

"Nimesuka vichwa miaka kumi na minne, dada," yule mwanamke akasema, taratibu, sauti ileile anayowatulizia watoto wanaolia kwenye kiti chake. "Moto wa chuma naujua. Mba naujua. Ngozi iliyovutwa na rasta naijua. Hiki sikijui. Ndiyo maana nimemleta kwako na siyo kwa mtu mwingine."

Angenijibu vibaya ningefurahi. Yeye hajibu vibaya. Hilo ndilo tatizo lake.

Mimi ni tabibu wa ngozi. Diploma yangu ipo ukutani, juu ya televisheni, na kliniki yangu ipo mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Jumatatu na Alhamisi nakata vinundu vidogo, siku nyingine natazama watu. Karibu nusu ya wagonjwa wangu wana ualbino kama binti yangu, kwa sababu ngozi isiyo na rangi inalipokea jua lote bila kizuizi. Kila mama anayeingia namwambia yaleyale, nikihesabu kwa vidole. Kinundu kinachong'aa kama ushanga, kimebonyea katikati, nataka kukiona. Kidonda ambacho wiki nne zimepita hakijapona, nataka kukiona. Gamba gumu linalorudi kila likibanduka, na chini yake nyama inavuja damu ukiigusa tu, hilo nalitaka leo. Doa jeusi linalobadilika umbo, hasa kwenye unyayo au chini ya ukucha, hilo nilitakiwa niwe nimeliona jana. Halafu nawaambia: mvue mtoto wako nguo zote, msimamishe kwenye mwanga wa dirisha, mkague kuanzia utosini mpaka nyayoni, kila mwezi.

Na mimi wangu namkagua. Jumapili ya kwanza ya mwezi, bafuni, saa nne asubuhi, dirisha likiwa wazi. Mikono, mgongo, midomo, kope, kati ya vidole. Hata magamba madogo ya jua mkononi mwake nimeyagandisha mwenyewe kwa gesi baridi, mara tatu. Niulize doa lolote la mwili wake, nitakuambia lilianza lini.

"Nionyeshe," nikasema.

Alivua kitambaa. Rasta zilikuwa mpya, nyembamba, zimepangwa kwa mistari iliyonyooka kama iliyopigwa kwa rula, zimekusanywa zikamwagwa upande wa kushoto. Zilinukia yale mafuta ya saluni yake. Nayajua yale mafuta. Kila akirudi kutoka kwa baba yake wikiendi, mto wake unayanukia mpaka Jumatano, na mimi nabadilisha foronya Jumapili hiyohiyo usiku.

Msusi alisogea kuzishika rasta ili nione. "Niachie," nikamwambia, akarudi nyuma.

Nilizinyanyua mwenyewe. Nyuma ya sikio la kulia, palepale ngozi inapokunjika kukutana na fuvu, palikuwa na kitu cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Gamba la manjano, nene, limepasuka katikati. Kingo zimeinuka. Niliweka kidole. Chini palikuwa pagumu. Gamba likasogea kidogo na damu ikatoka hapohapo, bila maumivu, binti yangu hata hakushtuka.

Niliteremsha vidole shingoni, nikatafuta tezi. Upande huu, upande ule, chini ya taya. Sikupata kitu. Nikarudia.

"Kimeanza lini?" Sauti yangu ilikuwa ya kliniki. Nashukuru kwamba ninayo, maana ile nyingine isingetoka.

Wakaangaliana.

"Nimeuliza kimeanza lini."

"Mimi nilikiona miezi miwili iliyopita," msusi akasema. "Kilikuwa kama punje ya mchele. Nikamwambia mwonyeshe mama yako."

Nikamgeukia binti yangu. "Na wewe?"

"Ningekuambia vipi?" Akainua macho kwa mara ya kwanza. Macho yake hayatulii, yanacheza kushoto kulia, ndivyo alivyozaliwa, lakini siku hiyo nilihisi yamenikazia. "Nikianza tu na 'Mama Mdogo amesema', unasimama, unaenda kuosha vyombo. Hata kama ni visafi."

Ni kweli. Naviosha.

Kilichoniuma zaidi nilikielewa usiku huo kitandani, sikukisema kwa mtu. Tangu yule mwanamke aanze kumsuka, mimi nywele za binti yangu sizigusi. Nilijiambia ni kuheshimu kazi ya mtu, kwamba rasta zikivurugwa ni saa tano za watu zimepotea. Uongo. Sikutaka mikono yangu ipite ilipopita mikono yake. Kwa hiyo kila Jumapili ya kwanza ya mwezi nilianza kwenye paji la uso, nikateremka. Wagonjwa wangu nawaambia utosini. Kwa mtoto wangu mwenyewe nilianzia pale kazi ya mwanamke mwingine inapoishia.

Baba yake nilimpigia asubuhi. Alinisikiliza, akasema, "Nyie wawili mkishamaliza kugombana, naomba mmoja wenu aniambie mtoto anaumwa nini."

"Nitajua majibu yakija," nikamwambia, nikakata simu.

Jumatatu nilimkata kipande kidogo mwenyewe kwa ajili ya maabara, kidogo kuliko punje ya dengu, nikakitia kwenye kichupa, nikaandika jina lake. Maelfu ya vichupa nimeviandika. Hicho nilikiandika mara mbili kwa sababu mara ya kwanza mwandiko haukusomeka. Majibu yalikuja baada ya siku kumi na tano: saratani ya ngozi, ile inayoanzia kwenye seli za tabaka la juu, ndiyo tunayoikuta mara nyingi kwa watu wenye ualbino. Ikikatwa yote mapema, mtu anaenda nyumbani na kovu, basi. Ikiachwa, inatembea, na pale nyuma ya sikio haina safari ndefu kufika kwenye mfupa au kwenye tezi za shingo.

Daktari wa upasuaji huja kwetu mara moja kwa wiki tano. Kliniki nzima tunamwita Ukingo, kwa sababu neno hilo halimtoki mdomoni. Mtu akimsifia amekata kinundu vizuri, anauliza: na ukingo je? Maana yake ni ngozi nzima inayokatwa pamoja na uvimbe kuuzunguka, ili kisibaki hata kipande kimoja cha ugonjwa. Tulibahatika, zamu yake ilikuwa wiki hiyohiyo. Nilimfuata kwenye chumba cha chai.

"Nataka kumkata mwenyewe," nikamwambia. "Ukubwa huo nimeshakata mara nyingi."

"Mkono wako naujua, tabibu. Mzuri kuliko wa wengi wenye digrii."

"Basi."

"Basi sikupi." Akakoroga chai. "Hapo inatakiwa milimita sita kila upande. Sita zitakula sehemu ya nyuma ya sikio, tutapachika kiraka cha ngozi kutoka chini ya shingo. Wewe ukifika milimita ya nne utaona sikio la mwanao, utamhurumia, utageuza kisu. Mbili utakazombakizia ndizo zitakazorudi mwakani."

"Mimi siyo mtu wa huruma."

"Ndivyo unavyosema," akajibu. "Ingia kama mama. Akae mtu mmoja kichwani kwake, amshike mkono. Ganzi haimlazi, atakuwa macho muda wote, na saa moja na nusu ni ndefu ukiwa umelala kiubavu na kitambaa kichwani. Kazi ya kunishikia vifaa ataifanya nesi."

Mtu mmoja. Nilitoka na neno hilo kama aliyeshinda mnada.

Alhamisi wote walikuja. Baba yake alishusha watu, akaenda kutafuta pa kuegesha gari. Msusi aliingia amembebea binti yangu begi. Alikuwa ameshamfumua upande wote wa kulia na kumnyoa kidogo kuzunguka sikio, safi kabisa, hakuna mkwaruzo hata mmoja. Upande wa kushoto kaziacha rasta zote.

"Nimeona nimwachie nusu," akaniambia, "akitoka avae kofia ajione bado ni yeye."

Kofia yenyewe kamnunulia yeye, ya ukingo mpana, rangi ya maji ya kunde. Binti yangu anaivaa mpaka dukani. Za kwangu, zile za kliniki zenye kitambaa cha kufunika shingo, zipo tatu chini ya kitanda chake. Nimeziona nikifagia.

"Asante," nikasema. "Benchi lile pale. Ndani anaingia mtu mmoja."

"Sawa, dada."

"Ni mimi."

"Ni wewe, dada. Nani mwingine?"

Binti yangu aliangalia benchi, akaniangalia mimi, akaingia.

Chumba chetu cha upasuaji kina kitanda kimoja, taa moja kubwa, mashine ya kufungia mishipa ya damu na kiyoyozi kinachofanya kazi kikitaka. Nilijifunga gauni la kijani, nikakaa kwenye kiti kidogo upande wa kichwa. Akalazwa kwa ubavu wa kushoto, uso kwangu. Nesi akamfunga mkanda wa presha mkononi na kile kibanio cha kidole. Ukingo akachukua kalamu ya rangi ya zambarau, akaanza kuchora.

"Sasa anachora mpaka wa uvimbe," nikamwambia. "Mstari wa kwanza. Wa pili ndio wa kukatia."

"Mhm."

"Baada ya hapo utasikia sindano, inaunguza kidogo, halafu inakuwa ganzi. Ndani ya ganzi kuna dawa inayobana mishipa, inaweza kufanya moyo uende mbio, usiogope. Akishakata ataweka uzi mmoja upande wa juu wa kipande, ili maabara wajue juu ni wapi na chini ni wapi. Wakikuta ugonjwa umefika kwenye mpaka, wanatuambia ni upande gani, tunarudi kukata palepale, hatuhitaji..."

"Mama."

"Nipo."

"Naomba unyamaze."

Nikanyamaza. Mkono wake ndani ya mkono wangu ulikuwa wa baridi na umelowa. Nilijaribu kuusugua. Ninavyosugua mimi, nadhani ni kama mtu anayekausha sufuria. Akauchomoa polepole, akauweka kifuani kwake.

Mashine ikalia. Nesi akaisoma, akaiminya tena, akasubiri, akasoma tena kwa sauti ya chini: mia na sitini kwa mia na nne, moyo mia na thelathini na mbili.

"Binti, unaumwa na nini?" Ukingo akauliza.

"Siumwi."

"Unaogopa?"

Akavuta shuka mpaka kidevuni. Midomo yake ilikuwa inatetemeka na meno kayabana ili yasigongane.

Ukingo aliweka kalamu chini. "Tumpe dakika kumi. Kwa presha hii nikikata, damu itajaa, na damu ikijaa ukingo siuoni. Siwezi kukata nisichokiona." Akanitazama mimi, siyo kama mama. "Isiposhuka, tabibu, itabidi tuahirishe. Kesho nipo mji mwingine. Tutakutana baada ya wiki tano."

Wiki tano. Punje ya mchele ilikuwa imefika ukucha wa kidole gumba katika miezi miwili. Hesabu hiyo haihitaji diploma.

"Tulia," nikamwambia binti yangu. "Vuta pumzi kwa pua, toa kwa mdomo. Unajua kabisa ukitulia inashuka. Tulia."

"Natulia."

"Hutulii. Umekaza mabega. Legeza mabega."

"Mama, ukiniambia legeza ndiyo yanakaza."

"Basi unataka nifanye nini?"

Alifumba macho. Kope zake ni nyeupe, ndefu, alipozaliwa zilikuwa kitu cha kwanza nilichokipenda, kabla hata sijamwangalia sawasawa. Akasema jambo kwa sauti ndogo sana, akilielekeza kwenye shuka.

"Sijakusikia."

"Nimesema namtaka Mama Mdogo." Machozi yakapita juu ya daraja la pua, yakaingia kwenye jicho la pili. "Siyo kwamba wewe sikutaki. Yeye ananiongelesha mambo ya kijinga. Habari za wateja wake. Wewe ukiwa hapa nakuona usoni unavyokiona kidonda."

Nesi alijifanya anahesabu koleo. Ukingo alisoma maandishi kwenye boksi la glovu kama yamebadilika.

Nataka niandike kwamba nilimwelewa mara moja. Sikumwelewa. Nilichokiona ni yule mwanamke kwenye benchi, na mkoba wake begani, na subira yake, na miaka yote ya Jumamosi ambayo mwanangu amekaa katikati ya magoti yake saa tano nzima, kichwa kimeegemea paja, wanacheka. Mimi nimemzaa. Mimi nimeamka usiku, nimepigana na walimu wamkalishe dawati la mbele aone ubao, nimempaka mafuta ya kukinga jua mpaka akaanza kunikimbia. Leo damu itamwagika, na hata hiyo anataka kumpa yeye. Nikafikiria, na ninaliandika kwa sababu ni kweli: bora tuahirishe. Wiki tano nitamtayarisha mwenyewe. Atazoea. Atashika mkono wangu.

Nesi akaminya mashine. Mia na sitini na tano.

Nikalitazama lile duara la zambarau nyuma ya sikio. Mstari wa ndani, mstari wa nje. Milimita sita za ngozi nzima, nzuri, isiyo na kosa lolote, ambazo lazima ziende pamoja na kibaya ili kibaya kisirudi. Ukingo alikuwa sahihi kuhusu mimi. Mimi ningebakiza.

Nikasimama.

"Mama?"

"Lala hivyohivyo. Usigeuke, utafuta mchoro."

Nilifungua mlango. Msusi alikuwa kwenye benchi, mikono ameibana katikati ya magoti. Baba yake binti yangu alikuwa amesharudi, wamekaa hawaongei. Baba ndiye aliyeinuka kwanza.

"Kuna nini?" akauliza.

"Kaa," nikamwambia. Halafu nikamwita mwanamke. "Njoo. Vua viatu. Mkoba mwachie huyo."

"Dada, si ulisema mtu mmoja?"

"Ndiyo. Mtu mmoja."

Alinielewa. Nilijua kwa sababu aliinama, akaanza kuvua viatu. Nilifungua gauni langu, nikalitupa kwenye kapu, nikavuta jipya kutoka kwenye kabati la ukutani. Nikamwambia anyooshe mikono, nikamvisha. Ni mnene kuliko mimi, kamba zilifika kwa shida. Nikamgeuza, nikamfunga mgongoni mafundo mawili. Nikamvika kofia, nikasukumia ndani nywele zilizobaki nje. Nikamfunga barakoa. Mikono yangu ilikuwa imetulia kabisa, nikashangaa.

"Sikiliza," nikasema. "Usiguse chochote cha kijani. Usiangalie upande wa daktari. Kaa kwenye kiti, mwangalie usoni, shika mkono wa juu, ule usio na mkanda. Kuona damu unaweza?"

"Sijui."

"Ukisikia kizunguzungu, inamisha kichwa magotini. Usianguke juu ya daktari."

"Nimwambie nini?"

"Sijui. Mnaambianaga nini?"

Akafikiri. "Kuna mteja wangu mmoja amegombana na wifi yake kwa ajili ya wigi."

"Mwambie hiyo. Usiimalize haraka."

Nikamsukuma ndani kwa kiganja, katikati ya mgongo, juu ya fundo nililolifunga. Nikamwona binti yangu akiinua mkono kabla yule hajafika hata kwenye kiti. Nikavuta mlango mpaka kitasa kikabana, nikabaki upande wa nje.